Majedwali ya Dozi Yapangwe kwa Kanuni, Si kwa Macho

Jedwali la dozi ni agizo la tiba. Muuguzi anapolifuata kwa kidole, kutoka uzito wa mtoto hadi idadi ya vidonge, anatekeleza agizo lenye nguvu ileile ya cheti kilichoandikwa na daktari. Tofauti ni kwamba cheti humhusu mgonjwa mmoja kwa siku chache, ilhali jedwali lililobandikwa ukutani humhusu kila mtoto atakayepandishwa kwenye mizani ile kwa miaka kadhaa. Tarakimu ikihama kutoka safu yake, kosa moja hurudiwa kwa wagonjwa wengi. Tena hakuna mtoa dawa atakayejihisi amekosea, maana kila mmoja amefuata karatasi.

Kwa sababu hiyo inashangaza jinsi baadhi ya majedwali haya yanavyotengenezwa. Katika eneo la Kariakoo, kati ya Mtaa wa Lumumba na Mtaa wa Msimbazi, zahanati, famasi na maduka ya steshenari ni majirani. Mhudumu huja na karatasi iliyoandikwa kwa mkono, au na faili ndani ya flashi, akaomba ipangwe vizuri na zitolewe nakala ishirini. Mchapaji, ambaye muda mfupi uliopita alikuwa akitengeneza kadi ya harusi, hupanga safu kwa kubonyeza kitufe cha nafasi mpaka macho yaridhike. Nakala hudurufiwa, nakala ya nakala hudurufiwa tena, kisha mtu huipiga picha na kuituma kwa WhatsApp. Mchapaji hana hatia. Ameombwa karatasi ipendeze, naye ameifanya ipendeze. Kinachokosekana ni kanuni iliyoandikwa, inayosema kila tarakimu isimame wapi.

Hoja inayotetewa hapa ni moja: mpangilio wa jedwali la dawa ni sehemu ya agizo, na kwa hiyo uandikwe waziwazi, usomeke, ukaguliwe na kutiwa saini kama sehemu nyingine yoyote ya agizo. Njia ya kufanya hivyo ipo tangu miaka ya 1970, ni ya bure, na inafaa kufahamika katika vyuo na vituo vya afya.

Makosa ambayo hayatoki kwenye tiba

Kosa la kwanza hutokana na nafasi tupu. Safu zilizopangwa kwa kitufe cha nafasi husimama sawa katika kompyuta moja tu. Faili likifunguliwa katika kompyuta nyingine yenye aina tofauti ya herufi, kila mstari hunyooka au husinyaa kwa kiasi chake, na tarakimu ya safu ya pili yaweza kuonekana imesimama chini ya kichwa cha safu ya tatu. Anayechapa hatagundua, kwa kuwa hajui tarakimu ile ilipaswa kuwa wapi.

Kosa la pili hutokana na nukta ya desimali. Nukta ndiyo alama ndogo kuliko zote katika karatasi, na mashine ya kudurufu huipoteza kwanza. Mililita 2.5 za dawa ya maji zikipoteza nukta huwa 25, yaani mara kumi. Ikiwa safu imepangwa kwa kuanzia kushoto, 25 hiyo hukaa kwa utulivu kati ya 5 na 10, wala jicho lililochoka halioni ajabu.

Kosa la tatu hutokana na kichwa kilichopotea. Jedwali refu likivuka ukurasa, ukurasa wa pili hubaki na tarakimu zisizo na majina. Vivyo hivyo picha ya simu iliyokatwa juu. Msomaji huona 1, 2, 3 na 4, asijue kama ni vidonge, ni mara kwa siku, au ni siku za kutumia dawa. Wahudumu wanaojaza rejesta za MTUHA na kujumlisha hesabu za mwezi kabla ya kuziingiza katika DHIS2 wanaijua adha hiyo, maana safu isiyo na kichwa huzaa takwimu isiyo na maana. Wafanyabiashara wa Kariakoo walishalisema zamani kwa methali yao: mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari lenyewe nalo, safu zake zikichanganyika, hupoteza mali mbele ya macho ya mwenyewe.

Makosa yote matatu yana chanzo kimoja. Yaliyomo na mpangilio vimechanganywa katika kitu kimoja, na mpangilio umeachiwa macho.

Programu inayotangulia

Katika maabara za Bell nchini Marekani, ambako mfumo wa Unix ulizaliwa, watumiaji wa kwanza wa mfumo huo nje ya kundi la watafiti walikuwa makarani wa idara ya hataza. Kazi yao ilikuwa kuandaa hati ndefu zisizovumilia kosa. Programu ya kupanga chapa iliyokuja kutumika huko, iitwayo troff, iliandikwa na Joe Ossanna. Ilipanga aya vizuri, lakini majedwali yalikuwa mateso. Ndipo Michael Lesk alipoandika, katikati ya miaka ya 1970, programu ndogo iitwayo tbl. Programu hii hutangulia troff: husoma faili, hutafuta mahali palipoandikwa jedwali, hupima upana wa kila safu, kisha huandika maagizo kamili ambayo troff huyafuata. Baadaye James Clark aliandika toleo huru la familia hiyo yote, groff, lililoanza kutolewa mwaka 1990. Hadi leo groff hupatikana bila malipo na hufanya kazi hata katika kompyuta kuukuu.

Hakuna kipanya wala kisanduku cha kuburuta. Mtu huandika faili la maandishi matupu, kisha hutoa amri kwa kuichapa. Mfano ufuatao ni wa dozi ya dawa mseto ya malaria, artemether na lumefantrine, yaani ALu, kwa vidonge vya miligramu 20 na 120:

.TS
allbox center tab(|);
c c
l n.
Uzito (kg)|Vidonge kwa kila dozi
5 hadi chini ya 15|1
15 hadi chini ya 25|2
25 hadi chini ya 35|3
35 na kuendelea|4
.TE

Mstari wa kwanza hufungua jedwali na wa mwisho hulifunga. Mstari wa pili husema jedwali lizungushiwe mistari yote, likae katikati ya ukurasa, na alama ya kutenganisha safu iwe kijiti. Mistari miwili inayofuata ndiyo kanuni yenyewe: vichwa vikae katikati ya safu zake, chini yake, safu ya kwanza ianzie kushoto, na ya pili ipangwe kama tarakimu. Nukta baada ya herufi n hutangaza kwamba kanuni imekwisha na yaliyomo yanaanza. Faili likihifadhiwa kwa jina la dozi.txt, amri moja hutoa ukurasa ulio tayari kuchapwa:

tbl dozi.txt | groff -ms -Tpdf > dozi.pdf

Herufi n inastahili kuangaliwa zaidi. Inaamuru tarakimu zipangwe kwa nukta ya desimali: mamoja chini ya mamoja, makumi chini ya makumi, sehemu za kumi chini ya sehemu za kumi. Faida yake kwa mgonjwa ni kubwa kuliko uzuri wa ukurasa. Katika safu iliyopangwa hivyo, 2.5 ikipoteza nukta kwenye mashine ya kudurufu, ile 5 ya mwisho hubaki imesimama nje, kulia, mahali pa sehemu za kumi. Nukta imetoweka lakini mahali pake pangali panashuhudia. Muuguzi makini ataona kwamba tarakimu hiyo haikai sawa na nyingine, atasita na kuuliza. Kusita huko ndiko kunakomwokoa mtoto.

Kichwa nacho kina kanuni yake. Kwa kutumia kundi la maagizo liitwalo ms, jedwali likifunguliwa kwa .TS H na vichwa vyake vikafungwa kwa .TH, vichwa hurudiwa juu ya kila ukurasa ambao jedwali limeingia. Hakuna anayehitaji kukumbuka kuvinakili.

Kiswahili pia kinanufaika. Lugha hii haiweki alama juu ya herufi zake. Ukiiondoa ile ya ng', herufi zake zote zilikuwamo katika kompyuta za miaka hiyo. Programu iliyoandikwa mbali kabisa na pwani hii hupanga jedwali la Kiswahili bila kuongezewa chochote.

Faili linaloweza kukaguliwa

Faida iliyo kubwa kuliko zote haionekani kwenye karatasi iliyochapwa. Imo ndani ya faili lenyewe. Maandishi matupu husomeka na mtu yeyote, katika kompyuta yoyote, hata baada ya miaka ishirini. Mfamasia aweza kulikagua mstari kwa mstari bila kujua lolote kuhusu uchapaji. Toleo jipya likiandikwa, amri ya diff hulilinganisha na la zamani na kuonyesha mistari iliyobadilika tu. Mkaguzi halazimiki kusoma kurasa arobaini akitumaini macho hayatamsaliti.

Hilo lina uzito nchini Tanzania, ambako miongozo ya malaria imebadilika katika kumbukumbu ya wahudumu walio kazini sasa. Tanzania Bara iliacha klorokwini kama dawa ya kwanza mwaka 2001 ikaingia SP, na mwishoni mwa mwaka 2006 ikahamia ALu. Zanzibar, ambayo ni safari ya boti tu kutoka Dar es Salaam, mwaka 2003 ilikuwa imechagua mseto mwingine, wa artesunate na amodiaquine. Katika hali hiyo, karatasi ya dozi isiyo na tarehe, isiyo na jina la mwongozo ilikotolewa, wala jina la dawa na nguvu ya kidonge, ni hatari hata kama kila tarakimu yake ilikuwa sahihi siku ilipochapwa. Mistari hiyo ya utambulisho ikiwekwa ndani ya jedwali lenyewe, si pembeni ya ukurasa, itakwenda na jedwali popote litakapodurufiwa.

Yale ambayo programu haiyajui

Itakuwa udanganyifu kudai kwamba tbl huzuia makosa yote. Programu hupanga kile ilichopewa. Ikipewa 4 mahali pa 1, itaipanga 4 kwa unadhifu mkubwa, na unadhifu huo utaifanya iaminike zaidi.

Kuna makosa mawili ya maana ambayo yanahitaji akili ya mtu. La kwanza ni mipaka inayogongana. Majedwali mengi huandika "5–15", kisha "15–25". Mtoto mwenye kilo 15 kamili yumo katika safu mlalo mbili, na dozi yake inategemea muuguzi aliyeko zamu. Maneno "hadi chini ya" katika mfano wa hapo juu ni marefu, lakini yanamweka kila mtoto mahali pamoja.

La pili ni la Kiswahili chenyewe, na halimo katika vitabu vya kigeni vya uchapaji. Dozi sita za ALu hutolewa kwa siku tatu: ya kwanza papo hapo, ya pili baada ya saa 8, na nyingine katika saa ya 24, ya 36, ya 48 na ya 60 tangu ile ya kwanza. Jedwali likiandikwa kichwa "Saa", na chini yake 0, 8, 24, 36, 48 na 60, mfamasia ataelewa muda uliopita. Mzazi ataelewa saa ya ukutani. Tuseme mtoto amepewa dozi ya kwanza saa 4 asubuhi. Dozi ya pili ni saa 12 jioni. Mzazi aliyesoma "saa 8" atampa saa 8 mchana, saa nne tu baada ya ile ya kwanza, naye ataamini kabisa kwamba ametii. Dawa ya tatizo hili ni kichwa kinachojieleza: "Muda tangu dozi ya kwanza". Iliyo bora zaidi ni safu ya pili iliyoachwa wazi, ambamo mtoa dawa huandika kwa kalamu saa halisi na kipindi cha siku, mbele ya mzazi.

Vivyo hivyo sehemu za kidonge. Mtoto wa chini ya miezi sita mwenye kuharisha hupewa zinki miligramu 10 kwa siku, yaani nusu ya kidonge cha miligramu 20. Aliyefikisha miezi sita hupewa kidonge kizima, kwa siku 10 hadi 14. Kwa mfamasia, 0.5 ni sawa na nusu. Kwa bibi anayebaki na mtoto nyumbani, neno "nusu" ni salama kuliko tarakimu yenye nukta. Jedwali la ukutani na karatasi ya kwenda nayo nyumbani si lazima viwe na maneno yaleyale, ilimradi vyote vitoke katika faili moja lililokaguliwa.

Pingamizi na majibu yake

Wapo watakaosema kwamba programu za kisasa za ofisi zina majedwali yenye visanduku, zinaweza kupanga tarakimu kwa nukta ya desimali, na zinaweza kurudia vichwa. Ni kweli. Anayezitumia kwa namna hiyo ametimiza kanuni, na hakuna sababu ya kumhamisha. Ugumu ni kwamba programu hizo huruhusu kila kitu: kisanduku cha kweli na kisanduku cha kuigiza kwa nafasi tupu huonekana sawa vikishachapwa. Katika tbl kanuni imeandikwa juu ya jedwali, na asiyeiandika hapati jedwali.

Wengine watasema kwamba wahudumu wa afya hawana muda wa kujifunza amri za kompyuta. Lakini mtu aliyekariri vifupisho vya Kilatini vya kuandikia dawa hashindwi kukariri kwamba c ni katikati, l ni kushoto, r ni kulia na n ni tarakimu. Zaidi ya hayo, si kila muuguzi anayehitaji kujua. Anahitajika mtu mmoja au wawili katika kila taasisi inayotoa majedwali kwa wengine.

Pingamizi zito zaidi ni la wale wanaouliza kama hili ndilo la kushughulikia, wakati foleni ni ndefu na dawa zenyewe wakati mwingine hazipo. Hakuna jedwali litakaloziba pengo la mhudumu au la dawa. Lakini pale foleni inapokuwa ndefu ndipo jedwali husomwa kwa haraka zaidi na kwa kuaminiwa zaidi. Muuguzi mwenye wagonjwa wachache ana nafasi ya kukokotoa upya. Mwenye wagonjwa wengi hutegemea ukuta.

Yanayopasa kufanywa

Vyuo vya afya, kikiwamo Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kilichoko Upanga, mwendo mfupi kutoka Kariakoo, vina wanafunzi wa famasia na uuguzi ambao watakuja kuandika majedwali haya. Saa chache za mafunzo zatosha kuwafundisha kutenganisha yaliyomo na mpangilio. Vyuo hivyo pia vyaweza kuhifadhi majedwali asilia katika maandishi matupu, yenye tarehe na jina la mwongozo, na kuvipa vituo vya afya kurasa zilizokwisha pangwa. Mchapaji wa Kariakoo akipokea ukurasa wa namna hiyo atauchapa tu, bila kulazimika kuupanga upya.

Vituo vya afya vichape kutoka kwenye faili asilia, visidurufu nakala ya nakala. Karatasi ya ukutani iliyofifia iondolewe siku ileile inapoonekana imefifia. Kabla jedwali jipya halijabandikwa, watu wawili walisome kwa sauti, mmoja akiwa na mwongozo na mwingine akiwa na karatasi, na saini zao ziwekwe chini yake. Tarakimu iliyo chini ya moja iandikwe na sifuri mbele ya nukta, 0.5, na tarakimu kamili isiongezewe nukta na sifuri nyuma yake.

Wagonjwa na wazazi nao wana haki yao. Bahasha ya dawa iliyoandikwa 1 x 3 ni jedwali dogo lililopoteza vichwa vyake. Si utovu wa adabu kumwuliza mtoa dawa: hii moja ni nini, hii tatu ni nini, kwa siku ngapi, na dozi inayofuata ni saa ngapi ya ukutani? Anayeuliza hivyo anarudisha vichwa mahali pake, kazi ambayo ilipaswa kufanywa na karatasi. Mtoa dawa aitikie kwa kuviandika kwenye bahasha, ili atakayebaki na mgonjwa nyumbani avikute.